Theluji Nyingi Kibo: Je, Utabiri wa Mabadiliko ya Tabianchi Umeshindwa?

Na Mwandishi Wetu

Masika ya mwaka 2018 yaliuvika Mlima Kilimanjaro vazi jeupe ambalo wakazi wengi wa Moshi, Hai, Siha na Rombo walikuwa hawajaliona kwa miaka kadhaa. Mawingu yalipofunguka, kilele cha Kibo kilionekana kimefunikwa na theluji nzito iliyoteremka chini kupita mipaka yake ya kawaida. Picha zikasambaa kwa kasi, na pamoja nazo likasambaa swali moja: ikiwa wanasayansi walisema theluji ya Kilimanjaro ingekuwa imekwisha kufikia wakati huu, hii imetoka wapi?

Swali hilo halikuwa la mzaha, na wala halikuishia mwaka ule. Kila mvua za masika au vuli zinapokuwa kubwa na Kibo kikarudi kuwa cheupe, hoja huibuka upya, nchini na ughaibuni, kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi iliyotiwa chumvi. Wapo wanaoitumia picha ya mlima huo kukanusha sayansi yote ya tabianchi. Wapo pia wananchi wa kawaida ambao hawana ugomvi na sayansi, ila wanataka tu kuelewa kwa nini waliyoambiwa hayalingani na wanayoyaona kwa macho yao.

Wananchi hao wanastahili jibu la kina. Jamii inayoulizwa leo kama inaamini habari za barafu ya Kibo ndiyo hiyo hiyo inayoombwa kuamini taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu lini ipande mahindi, mbegu gani ichague na lini ihame bondeni. Imani katika utabiri ikipotea kwa jambo moja, ni vigumu kuirejesha kwa jingine.

Mlima uliozoea kutiliwa shaka

Kilimanjaro hakijaanza leo kubishaniwa. Mei 11, 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima akiwa safarini kuelekea Uchagga. Alipomuuliza mmoja wa waongozaji wake, mtu huyo hakuwa na jina mahususi la kitu hicho, akakiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kuwa anaitazama theluji.

Taarifa yake ilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, ilipokewa kwa dhihaka. Mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga eneo hilo, alishikilia kuwa theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Ubishi huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani akiwa na mjiolojia Mwingereza, Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya meta 4,000, na theluji ikawaangukia wenyewe. Wachagga, waliokuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi, hawakuhitaji uthibitisho huo.

Kisa hicho kina funzo kwa pande zote mbili za mjadala wa leo. Cooley alishikilia nadharia akakataa kilichoonwa kwa macho. Anayebisha leo hushikilia kilichoonwa kwa macho siku moja akakataa kumbukumbu za zaidi ya miaka 100. Makosa hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini dawa yake ni ile ile, nayo ni kupima na kuendelea kupima.

Vipimo vipo. Hans Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliporejea mlimani mwaka 1898 alikuta barafu imepungua kwa kiasi kinachoonekana wazi. Ramani zilizotokana na kazi ya mwaka 1912 zinaonesha kuwa barafu ya kudumu ilikuwa na eneo la takribani kilometa za mraba 11 hadi 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki kilometa za mraba 1.76, yaani karibu asilimia 85 ilikuwa imetoweka ndani ya karne moja. Picha za satelaiti za miaka ya karibuni zinaonesha kuwa kilichosalia ni karibu kilometa moja tu ya mraba.

Utabiri uliotaja mwaka

Ikiwa kumbukumbu ni bayana kiasi hicho, shaka imetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa, imetokana na namna utabiri ulivyotolewa na ulivyosafiri.

Mwaka 2000 timu ya watafiti iliyoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ilitoboa barafu ya Kibo na kuchukua sampuli zilizoonesha kuwa barafu ya zamani zaidi ina umri wa takribani miaka 11,700. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Science. Watafiti hao walikadiria kuwa, iwapo hali iliyokuwapo ingeendelea vile vile, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020.

Sentensi hiyo ilikuwa na sehemu mbili: sharti na miaka. Iliposafiri kutoka kwenye jarida la kitaalamu kwenda magazetini na hatimaye kwenye sinema, sharti lilidondoka njiani na miaka pekee ikafika. Mwaka 2006 filamu ya Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, iliutangazia ulimwengu kwamba katika kipindi cha muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro isingekuwapo tena. Mlima huo, ambao tayari ulikuwa maarufu duniani kwa hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, ukageuzwa kielelezo cha tatizo la dunia nzima.

Mwaka 2016 ukapita, 2020 nao ukapita, na barafu bado ipo. Hilo halina budi kusemwa bila kigugumizi: tarehe zilizotajwa hazikutimia. Wala si kosa pekee la aina hiyo. Ripoti ya mwaka 2007 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ilikuwa na maelezo kwamba barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo mwaka 2035. Maelezo hayo hayakuwa na msingi wa kutosha, na mapema mwaka 2010 jopo hilo likakiri kosa lake hadharani.

Hata hivyo, ni lazima kutenganisha kilichokosewa na kisichokosewa. Kwa Kilimanjaro, kilichokosewa ni kasi. Mwelekeo haukukosewa hata kidogo. Hakuna kipimo cha eneo la barafu kilichofanywa tangu mwaka 1912 ambacho kimeonesha kuwa barafu ya Kibo imerudi kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa katika kipimo kilichotangulia. Tofauti ni kwamba barafu haipungui kwa mstari ulionyooka. Muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anajua kuwa barafu iliyosagwa huisha mapema huku bonge likistahimili hadi jioni. Vivyo hivyo mlimani, sehemu nyembamba na za pembeni hutangulia, na zile nene hubaki nyuma. Anayechukua kasi ya zile za mwanzo na kuitumia kukadiria mwisho wa zile za mwisho, lazima atataja mwaka ulio karibu mno.

Watafiti waliofuata walijifunza kutokana na hilo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 uliigawa barafu ya mlima katika kanda tatu kulingana na mwinuko, mteremko na uelekeo wake, kisha ukakadiria kila kanda peke yake. Ulihitimisha kuwa barafu ya uwanda wa juu na ya miteremko ya kusini huenda ikatoweka ifikapo mwaka 2040, na kwamba ni vigumu sana barafu yoyote kuwapo baada ya mwaka 2060 iwapo hali iliyopo itaendelea. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) nalo liliitaja barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya miongoni mwa zile zinazotarajiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Makadirio haya yanatofautiana kwa miaka, si kwa mwelekeo.

Theluji ni jambo moja, barafu ni jingine

Sehemu kubwa ya mkanganyiko imo katika neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, weupe wote unaoonekana Kibo huitwa theluji. Kitaalamu, weupe huo ni vitu viwili vyenye asili, umri na mwisho tofauti.

Theluji ni mvua iliyoganda. Huanguka ikiwa laini, hufunika mawe na majivu ya volkano kwa siku au wiki chache, kisha huondoka. Barafu ya kudumu ni theluji ya miaka mingi iliyorundikana na kushindiliwa na uzito wake yenyewe hadi ikawa mwamba wa barafu. Theluji inaweza kuwa nyingi mwezi huu na isiwepo kabisa mwezi ujao. Barafu huhesabiwa kwa karne.

Kwa hiyo, mtu anayeitazama Kibo kutoka Moshi mjini baada ya mvua kubwa huona mlima mweupe wote, na kutoka mbali huko hana namna ya kujua ni wapi theluji ya jana inaishia na barafu ya kale inaanzia. Wiki kadhaa baadaye, jua likishafanya kazi yake, hubaki mabaka meupe yaliyotengana. Mabaka hayo ndiyo yanayopimwa na watafiti, na ndiyo yanayopungua.

Je, theluji nyingi haiwezi kuikuza tena barafu? Inaweza kuisaidia, na hilo ni kweli isiyopaswa kufichwa. Theluji mpya ni nyeupe kuliko barafu kuukuu iliyojaa vumbi, hivyo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua na kuipunguzia barafu mzigo wa joto. Msimu wenye theluji nyingi ni kama mapumziko kwa barafu.

Lakini mapumziko si tiba. Barafu nyingi ya uwanda wa juu wa Kibo ina kingo zilizosimama wima kama ukuta wa nyumba. Theluji huangukia juu ya paa, wala haiwezi kushika ukutani. Ukuta huo, unaopigwa na jua la Ikweta katika hewa nyembamba na kavu, huendelea kulika kwa pembeni mwaka hadi mwaka. Ili barafu ikue, ingehitajika miaka mingi mfululizo yenye theluji nyingi kama ile ya masika ya 2018. Mwaka mmoja hautoshi.

Hali ya hewa na tabia ya nchi

Lugha ya Kiswahili yenyewe inabeba tofauti ambayo mjadala huu mara nyingi huisahau. Kuna hali ya hewa, na kuna tabianchi, yaani tabia ya nchi. Hali hubadilika asubuhi na jioni. Tabia hujulikana kwa kuishi na mtu kwa muda mrefu. Jirani mkarimu anaweza kukunja uso siku moja, na bahili anaweza kutoa sadaka siku ya sikukuu, wala kijiji hakibadilishi maoni yake juu yao kwa siku hiyo moja. Wataalamu wa hali ya hewa hufuata kanuni inayofanana na hiyo: wastani wa tabianchi hukokotolewa kwa kumbukumbu za miaka 30.

Theluji ya msimu mmoja ni hali. Kupungua kwa barafu tangu mwishoni mwa karne ya 19 ni tabia.

Zaidi ya hapo, theluji nyingi juu ya mlima mrefu haipingani na ongezeko la joto duniani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa kila nyuzi joto moja ya Selsiasi inayoongezeka, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takribani asilimia 7. Bahari ya Hindi inapokuwa na joto zaidi upande wa Afrika Mashariki kuliko upande wa Indonesia, upepo huleta unyevu mwingi nchi kavu, kama ilivyotokea katika vuli ya mwaka 2019. Unyevu huo ukifika katika kimo cha meta 5,895, ambako wastani wa joto uko chini ya kiwango cha kuganda, hauna namna nyingine ila kuanguka kama theluji. Mvua ile ile inayofurika mitaro ya Dar es Salaam ndiyo inayokipaka Kibo weupe.

Sababu zinazohitaji uangalifu

Wenye mashaka wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, na haifai kupuuzwa. Ikiwa kileleni joto liko chini ya kiwango cha kuganda, barafu inayeyushwaje na ongezeko la joto?

Watafiti wenyewe wamelibishania jambo hilo kwa miaka mingi. Vipimo vya kituo cha hali ya hewa kilichowekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000, na ambacho kimekuwa kikisimamiwa na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, vilisaidia kuonesha kuwa sehemu kubwa ya barafu ya uwanda wa juu haiyeyuki na kutiririka. Hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji, kwa nguvu ya jua kali na ukavu wa hewa. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck na wenzake walieleza kuwa mabadiliko makubwa yalianza takribani mwaka 1880, pale hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu kuliko awali, mawingu na theluji vikapungua, na barafu ikaanza kuishi kwa akiba yake bila kuingiziwa kipya.

Ni kwa msingi huo kwamba mwezi Oktoba 2007 Mahakama Kuu ya Uingereza, ikisikiliza shauri kuhusu kuoneshwa kwa filamu ya Gore mashuleni, iliitaja Kilimanjaro miongoni mwa vipengele 9 ambavyo filamu hiyo ilikwenda mbali kuliko makubaliano ya wanasayansi yalivyoruhusu. Mahakama hiyo haikusema kuwa barafu haipungui. Ilichosema ni kwamba haikuwa imethibitika kuwa chanzo kikuu cha kupungua huko ni shughuli za binadamu.

Ukiuweka ushahidi huo pamoja, picha inayopatikana ni hii: Kilimanjaro pekee si shahidi mzuri wa kuthibitisha ongezeko la joto duniani, na wala si shahidi mzuri wa kulikanusha. Ushahidi wa ongezeko hilo uko kwingine na ni mwingi. Uko katika vipimo vya joto la nchi kavu na bahari. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limeutaja mwaka 2024 kuwa wenye joto kali zaidi katika kumbukumbu zote. Uko pia katika barafu za mabara mengine, na hata kwa majirani. Barafu ya Mlima Kenya, iliyo katika kimo cha chini kuliko ile ya Kibo, imebaki vipande vidogo, na ile ya Rwenzori, iliyochorwa ramani na msafara wa Kiitalia wa mwaka 1906, imebaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa. Milima mitatu yenye mazingira tofauti inapopoteza barafu kwa pamoja, si rahisi kuamini kuwa kila mmoja una ugonjwa wake binafsi.

Maji yanatoka msituni

Kuna imani nyingine iliyoenea ambayo, kinyume na mashaka, hutia chumvi upande wa pili: kwamba barafu ikitoweka, mito yote ya Kilimanjaro itakauka. Hofu hiyo inaeleweka, kwani mlima huo hulisha Bonde la Mto Pangani, lenye mashamba ya miwa na mpunga ya Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani Falls.

Ukweli ni kwamba barafu ya eneo la kilometa moja ya mraba, ambayo sehemu yake kubwa huondoka kama mvuke, haiwezi kuulisha mto mkubwa. Maji ya Kilimanjaro hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu. Majani, kuvu na miti hunyonya unyevu wa mawingu, udongo huuhifadhi, na chemchemi huutoa taratibu. Mifongo iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi kupeleka maji katika vihamba vyao hutegemea msitu huo.

Hapa ndipo mjadala wa theluji unapoweza kuipotosha jamii. Macho ya wote yakiwa kileleni, wachache huutazama msitu, nao ndio unaoweza kuokolewa kwa mikono ya Watanzania wenyewe. Utafiti wa miaka mingi wa mwanabotania Andreas Hemp umeonesha kuwa moto umeushusha chini mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro, na kwamba hasara hiyo ya uwezo wa kunasa ukungu ni kubwa kwa maji kuliko hasara ya barafu. Oktoba 2020 moto uliteketeza takribani kilometa za mraba 95 za uoto wa mlima huo, na ikabidi askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa vijiji jirani wapande kuuzima. Oktoba 2022 moto ulizuka tena.

Serikali iliujumuisha msitu huo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na hivyo kuuweka chini ya ulinzi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, jambo linalogusa moja kwa moja mahitaji ya kuni na mkaa. Hatua hizi haziwezi kuirudisha barafu ya Kibo. Zinaweza kulinda kile ambacho vihamba, mitambo na mabwawa vinakitegemea kweli.

Gharama ya kupoteza imani

Athari ya utabiri uliotiwa chumvi hujitokeza pale unapotolewa utabiri ulio makini. Agosti 2023 TMA ilitangaza kuwa mvua za vuli za mwaka huo zingekuwa kubwa kuliko wastani katika maeneo mengi, kutokana na El Niño. Mvua zikaja kama zilivyotarajiwa, na mafuriko yakaharibu barabara, madaraja na mashamba katika mikoa kadhaa. Desemba 3, 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara, yakaufikia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha.

Hakuna utabiri wa msimu unaoweza kusema ni mteremko upi utaporomoka na saa ngapi, na si haki kuwalaumu waliopatwa na janga kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kinachoonekana ni kwamba taarifa ya msimu huipa nchi miezi kadhaa ya kusafisha mitaro, kuhifadhi chakula, kukagua madaraja na kuweka vikosi vya uokoaji tayari. Miezi hiyo ina faida pale tu taarifa inapoaminiwa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Asiyeamini tena mawingu atalowa hata akiwa na mwavuli nyumbani.

Kwa sababu hiyo, wajibu uko kwa pande zote. Mtaalamu anapotoa makadirio ya miaka mingi ijayo, hana budi kutaja sharti lake na kiwango cha uhakika wake, hata kama sentensi itakuwa ndefu na isiyovutia. TMA hufanya hivyo inaposema mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Kauli hiyo huonekana kwa wengine kama kukwepa, ilhali ndiyo kauli ya mtu anayejua mipaka ya kipimo chake. Mwandishi wa habari na ofisa wa Serikali wanapoipeleka taarifa hiyo kwa umma, hawana ruhusa ya kuliacha sharti njiani ili kichwa cha habari kipendeze. Na utabiri unapokosea, kosa litajwe mapema na mtabiri mwenyewe, asisubiri kulisikia kutoka kwa wanaombeza.

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza. Anayeuliza kwa nini Kibo ni cheupe wakati aliambiwa kingekuwa kimebaki mawe matupu hajaisaliti sayansi. Amefanya kile ambacho sayansi huanza nacho: ameona, akashangaa, akauliza. Kinachotakiwa baada ya hapo ni kusubiri jibu lililopimwa, badala ya kulijibu swali kwa picha moja ya simu.

Mlima Kilimanjaro umo katika Nembo ya Taifa, na ni juu ya kilele chake Mwenge wa Uhuru uliwashwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Wapandaji wanaoelekea kileleni kwa njia ya Machame bado hulala katika kituo kiitwacho Barafu, kilicho zaidi ya meta 4,600 juu ya usawa wa bahari, wakizungukwa na mawe makavu. Msimu wowote mvua zinapokuwa kubwa, mahema ya kituo hicho yanaweza kuamkia ndani ya theluji, nao wapagazi wakalazimika kuikung'uta kabla ya safari. Ni theluji ya kweli, na hakuna sababu ya kuikana. Haitakuwapo jua likishapiga wiki chache, na barafu iliyo juu yake itapimwa tena.